Beit al-Ajaib lilianza kuanguka lini hasa?

Siku ya Krismasi ya mwaka 2020 iliangukia Ijumaa, na siku hiyo simu yangu haikutulia. Watu wa Unguja, watu wa Dar, ndugu walioko Maskati kule Oman, wote wananitumia picha zile zile, vumbi, mawe, vyuma vilivyopinda, na pale katikati ambapo jicho limezoea kuona mnara wa saa hapana kitu, ni mbingu tu. Sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib, lile jumba la Sultani lililoko mbele ya bahari pale Mji Mkongwe wa Unguja, ilikuwa imeporomoka. Watu wawili walipoteza maisha chini ya kifusi, na hilo ndo la kwanza kulisema kabla hatujazungumza habari ya mawe na saa.

Tangu siku ile nimesikia maelezo ya kila aina. Kuna wanaosema lilikuwa nyumba ya kulala ya Sultani, kuna wanaosema lilijengwa na Waingereza kama ofisi, wengine wanasema lilishapigwa mabomu zamani likajengwa upya kwahiyo lile tulilokuwa tunaliona sio lenyewe, wengine wanauliza UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia urithi wa dunia, walikuwa wapi, na wengine wanasema tatizo ni ukarabati wenyewe maana lilikuwa limesimama miaka mia na zaidi halafu likaanguka wakati wa kutengenezwa. Kila maelezo yana kipande cha ukweli ndani yake na ndo maana yanachanganya. Nataka nichambue uzi mmoja mmoja, kwasababu mimi naamini lile jumba halikuanguka siku moja, na tukikubali kwamba lilianguka siku moja basi tutaacha mengine nayo yaende njia hiyo hiyo.

Tuanze na aliyelijenga. Sayyid Barghash bin Said alitawala Zanzibar kuanzia 1870 mpaka alipofariki 1888. Huyu alikuwa mtu wa kujenga. Kabla hajashika kiti aliwahi kupelekwa uhamishoni Bombay baada ya kujaribu kumpindua ndugu yake Majid, na kule aliona mji mkubwa wa bandari una majengo ya aina gani. Aliporudi na kuwa Sultani, mwaka 1872 tu kimbunga kikapiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuzamisha vyombo bandarini, na mwaka uliofuata 1873 Waingereza wakambana mpaka akasaini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Yaani mwanzo wa utawala wake ni hasara juu ya hasara. Lakini ndo huyu huyu aliyeleta maji ya bomba mjini kutoka chemchemi nje ya mji, akajenga hamamu pale Hamamni, akajenga kasri la Maruhubi, na mwaka 1883 akasimamisha jumba kubwa kuliko yote pale mbele ya bahari, Mizingani, jirani kabisa na Ngome Kongwe. Inasimuliwa kwamba hapo hapo zamani palikuwa na nyumba ya Mwana Fatuma, malkia wa Unguja wa karne ya 17 aliyeshirikiana na Wareno.

Sasa hili jumba halikuwa la kulala. Hapo ndo mkanganyiko wa kwanza. Familia ya Sultani ilikaa kwenye majumba ya jirani, Beit al-Sahel na Beit al-Hukm, na Beit al-Ajaib lilikuwa la shughuli, la kupokea wageni, la sherehe, la mtu kutoka ng'ambo ashuke kwenye meli na ajue amefika kwa nani. Kati ya majumba hayo kulikuwa na njia za juu zilizofunikwa, kama madaraja, ili wanawake wa ukoo wa Sultani wapite kutoka jumba moja kwenda jingine bila kuonekana barabarani. Na jina lenyewe, nyumba ya maajabu, lilitoka kwa watu. Lilikuwa jengo la kwanza Zanzibar kuwaka taa za umeme, na la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Fikiria mtu ametoka shamba na mzigo wake wa nazi, jua limezama, anafika Forodhani, pale ufukweni mbele ya jumba, anaona madirisha ya ghorofa yanawaka bila moshi wala harufu ya mafuta. Angeliita nini zaidi ya ajabu?

Lakini ajabu kubwa kwangu mimi ni namna lilivyojengwa, na hapa naomba mnivumilie maana ndo penye kiini cha mambo yote yaliyokuja kutokea.

Nyumba ya mawe ya kwetu pwani inajengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa, udongo na boriti. Chokaa inatokana na mawe hayo hayo ya matumbawe yaliyochomwa kwenye tanuri la kuni. Boriti ni miti ya mikoko inayokatwa na kulazwa juu ya kuta, kisha juu yake mawe, kisha chokaa, ndo dari ya huyu na sakafu ya yule wa juu. Boriti ina kikomo chake, haiwezi kubeba uzito wote huo kwenye nafasi pana, ikizidi kama mita tatu hivi inapinda. Ndo maana vyumba vya nyumba za zamani za Lamu, Mombasa, Bagamoyo na Unguja ni virefu na vyembamba, sio kwamba watu walipenda kukaa kwenye ujia, ni boriti iliyoamua. Barghash alitaka kumbi pana na madari ya juu sana, na alitaka veranda zizunguke jumba pande zote ghorofa kwa ghorofa. Kwa boriti peke yake haiwezekani. Kwahiyo zikaja nguzo za chuma cha kalibu, yaani chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye umbo lake, na mihimili ya chuma kutoka ng'ambo, zikachanganywa na kuta nene za matumbawe, na boriti, na zege. Chuma kilichotoka kiwandani kikashikana na jiwe lililotoka baharini. Kwa mwaka 1883 hilo lilikuwa jambo la kushangaza kweli, na ndo lililofanya jumba liwe jepesi kwa macho japokuwa ni zito, zile veranda zilikuwa kama zinaelea.

Niliwahi kusimama pale kwenye veranda ya juu kabla jumba halijafungwa. Upepo wa bahari unakupiga moja kwa moja usoni, chini unaona Forodhani, wauza urojo wanapanga meza zao, na mbele majahazi. Nikaweka mkono kwenye nguzo. Rangi ilikuwa imevimba, nilipoibonyeza kwa kidole gumba ikavunjika kama ganda la yai na ndani yake ikatoka unga wa kahawia, kutu, ikanibaki mkononi. Nilijifuta kwenye suruali nikaendelea kupiga picha. Sikuwaza zaidi ya hapo, na siku ile ya Krismasi kitu cha kwanza nilichokikumbuka ni ule unga wa kahawia kwenye kidole.

Tuje kwenye mabomu. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla, na Khalid, mtoto wa Barghash, akaingia kwenye kasri na kujitangaza yeye ndo Sultani bila ridhaa ya Waingereza ambao tangu 1890 walikuwa wameiweka Zanzibar chini ya himaya yao. Wakampa muda mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Hakutoka. Meli za kivita zilizokuwa zimejipanga mbele ya Forodhani zikafungua mizinga, na kwa dakika kama 40 tu mambo yakaisha, watu wanaofika 500 wa upande wa Khalid wakiwa wameuawa au kujeruhiwa, wengi wao watumishi na askari waliokuwa ndani ya majumba yale. Watu wanaipenda sana hii habari, vita fupi kuliko zote duniani, wanaisimulia kama kichekesho. Mimi siwezi kucheka. Dakika 40 kwa mtu aliyekuwa chini ya boriti zinazowaka ni maisha yake yote.

Kilichoharibika zaidi ni Beit al-Hukm, ambalo liliisha kabisa, na Beit al-Sahel liliumia vibaya. Beit al-Ajaib lenyewe lilipona na madhara madogo. Kwahiyo yule anayesema lilipigwa likajengwa upya anachanganya majumba. Kilichobadilika ni saa. Mbele ya jumba palikuwa na mnara peke yake uliokuwa na taa ya kuongozea vyombo na saa, huo uliharibiwa na mabomu, na kwenye matengenezo ya 1897 mnara mpya wa saa ukaunganishwa na jumba lenyewe, kwenye uso wake wa mbele. Ile sura tunayoijua kwenye picha na kadi, mnara katikati na veranda kulia na kushoto, ni sura ya baada ya vita. Mnara huo ndo ulioondoka pamoja na sehemu ya mbele mwaka 2020.

Na kwakuwa nimetaja Maruhubi, nalo liliungua moto mwaka 1899, zikabaki nguzo za mawe ambazo mpaka leo ukipita barabara ya kaskazini ya mji unaziona. Barghash alijenga mengi na kwa zama zetu tunahesabu magofu.

Sasa twende 1911, mwaka ambao kwa mawazo yangu ndo mwaka muhimu kuliko yote kwenye hadithi hii japokuwa hakuna anayeutaja. Mwaka huo Sultani Ali bin Hamoud alijiuzulu, Sayyid Khalifa bin Harub akashika kiti, na Beit al-Ajaib likawa ofisi kuu za serikali ya Waingereza. Kwa miaka zaidi ya 50 lile jumba la kupokea wafalme likawa jumba la meza, makabati, mihuri na mafaili. Mzee wa miaka 80 wa Unguja ukimuuliza leo atakwambia kule ndo kulikuwa serikalini, mtu akisema ameitwa Beit al-Ajaib ujue ana shauri lake kwa wakubwa.

Kwanini naona huu ndo mwaka muhimu? Kwasababu nyumba ya mtu na ofisi ya serikali zinazeeka tofauti. Mwenye nyumba akisikia tone la maji usiku anaamka, anajua ni paa lake. Ofisini tone likidondoka kwenye meza unasogeza meza. Miaka ya nyuma nilifanya kazi kwenye ofisi moja iliyokuwa ndani ya jengo la zamani la mawe, mji wa pwani, sitaitaja. Kona ya chumba chetu maji yalikuwa yanapita kila masika. Tuliweka ndoo ya bluu. Barua ya kuomba paa litengenezwe iliandikwa, ikapanda ikashuka, ikaambiwa bajeti ya mwaka huu imeshapita, mwaka uliofuata mkuu akahamishwa, aliyekuja akataka barua iandikwe upya. Ile ndoo tuliimwaga misimu mitatu. Ukuta pale kwenye kona ulikuwa umetoa chumvi nyeupe kama unga wa sembe, na siku moja kipande cha plasta kikubwa kama sinia kikaanguka kwenye kiti ambacho kwa bahati hakikuwa na mtu. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya hata mmoja, wote tulikuwa watu wazuri tunaofanya kazi zetu, ila hakuna aliyekuwa mwenye paa.

Sisemi Waingereza hawakulitunza, wakoloni walikuwa na idara za ujenzi na mafundi wa kudumu na bila shaka lilipakwa rangi na kuzibwa miaka yote ile. Ninachosema ni kwamba tangu 1911 lile jumba halikuwahi tena kuwa la mtu. Lilikuwa la kazi fulani, na kazi ikiisha linasubiri kazi nyingine.

Na kazi zilikuja. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964 likaingia mikononi mwa Serikali ya Mapinduzi, na Afro-Shirazi Party, chama kilichokuwa kinatawala, ikalitumia kwa chuo chake cha itikadi na kwa maonyesho ya chama. Baadaye likakaa kipindi bila shughuli ya maana. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 2000 likafunguliwa kuwa makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na pwani ya Waswahili, na hapo nadhani ndo lilipata kazi iliyolifaa kuliko zote tangu Barghash. Ukiingia mlango mkubwa uliochongwa aya za Kurani, unakutana na uwanja wa ndani uliofunikwa juu, na pale katikati palikuwa na mtepe.

Naomba nisimame kidogo kwenye mtepe. Mtepe ni chombo cha zamani cha Waswahili, mbao zake hazikupigiliwa msumari hata mmoja, zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi kama mtu anavyoshona mkeka. Vyombo hivyo vilishatoweka kabisa baharini, kwahiyo mafundi walijenga mmoja kwa ajili ya makumbusho mwaka 2003 ili tuone ulivyokuwa. Ulikuwa mrefu, umesimama pale chini umezungukwa na ghorofa za veranda za ndani, ukipanda ngazi unauangalia kutoka juu na kuona zile kamba zinavyopita tundu kwa tundu. Nilimwona baba mmoja amemnyanyua mtoto wake begani, anamuonyesha, anamwambia babu zako walikwenda mbali na kitu hiki. Makumbusho ilikuwa na vitu vingi vya kuangalia lakini mimi nilirudi pale mara tatu siku ile ile.

Sasa turudi kwenye swali, jengo linaangukaje. Mzee mmoja fundi wa chokaa pale Mji Mkongwe, nilimkuta anachekecha mchanga kibarazani nikakaa naye, alinifafanulia kitu ambacho vitabu vinakizungusha. Aliniambia mwanangu, ukuta wa matumbawe na chokaa unakunywa maji na unayatema. Mvua ikinyesha unalowa, jua likiwaka unakauka, hauna tatizo, ndo ulivyozaliwa. Unaugua pale maji yanapoingia na hayana njia ya kutoka. Paa likivuja, maji yanaingia juu ya ukuta, na katikati ya ukuta mnene kama huo kuna mawe madogo na udongo na chokaa vilivyojazwa, maji yanaosha ile chokaa taratibu, mwaka hadi mwaka, mpaka ndani kunabaki mawe yasiyoshikana. Nje unaona ukuta mzima, umepakwa rangi. Na watu wakiona nyufa wanakimbilia saruji kwasababu ni ngumu na iko dukani, wanapaka, saruji inafunga ule ukuta kama kumvalisha mtu nailoni wakati wa joto, maji yanabaki ndani na chumvi yake.

Ongeza chuma sasa. Chuma kikishika kutu hakipungui, kinavimba, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Muhimili wa chuma ulioingizwa ndani ya ukuta wa mawe ukianza kutu unasukuma mawe kutoka ndani, ufa unatokea, kwenye ufa yanaingia maji zaidi yenye chumvi ya bahari, kutu inaongezeka. Nguzo za chuma cha kalibu nazo zina tabia yake, zinabeba uzito mkubwa sana ukizikandamiza wima, lakini hazipindi kukupa onyo, zikizidiwa zinakatika kwa mkupuo. Na mbegu za ndege zinaota kwenye nyufa, mzizi unaingia, unanenepa. Kwahiyo kile kilichofanya jumba liitwe la maajabu, ndoa ya chuma na matumbawe, ndo hicho hicho kilichohitaji uangalizi wa karibu kuliko nyumba yoyote ya mji. Nyumba ya boriti ukiitelekeza boriti moja inaoza na chumba kimoja kinashuka. Jumba lile kila kitu kilikuwa kimeshikana na kingine, veranda imeshika ukuta, ukuta umeshika muhimili, mbele kuna mnara.

Na lilisema. Hili ndo linaloniuma zaidi. Mwaka 2012 kipande kikubwa cha veranda kilianguka. Makumbusho ikawa haipo kamili tena. Mwaka 2014 jumba likawekwa kwenye orodha ya World Monuments Fund, shirika la kimataifa la kuhifadhi majengo ya kale, ya maeneo yaliyo hatarini duniani, pamoja na kasri la jirani. Mwaka 2015 likaporomoka tena na safari hii vibaya zaidi, mpaka ikaonekana wazi kwamba uimara wa jengo zima umeguswa. Mageti yakafungwa. Kwahiyo mtu anayesema lilisimama miaka 137 halafu likaanguka kwa ghafla ukarabati ulipoanza, ajue kwamba lilishaanza kuanguka mbele ya macho yetu miaka nane nyuma, kipande kwa kipande.

Sasa hapo watu wanauliza, UNESCO je? Mji Mkongwe si uko kwenye urithi wa dunia tangu mwaka 2000? Ndiyo uko. Lakini kuwa kwenye orodha sio kuwa na mlipaji. UNESCO hawamiliki jengo, hawaajiri fundi, hawana ufunguo wa geti. Mkataba wa urithi wa dunia wa 1972 unaifunga nchi iliyousaini, na nchi iliyousaini ni Tanzania, 1977. Ila mambo ya kale sio jambo la Muungano, kwahiyo aliyeweka ahadi mbele ya dunia ni Jamhuri ya Muungano na anayeshika kazi yenyewe ni Serikali ya Mapinduzi Zanzibar. Ndani ya Zanzibar nako kuna idara inayohusika na makumbusho na mambo ya kale, halafu kuna mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe iliyoanzishwa 1985 ambayo inasimamia mji mzima, nyumba za watu binafsi, za wakfu, za serikali. Pesa ya ukarabati mkubwa ikatoka serikali ya Oman, na hilo lina historia yake, maana nasaba ya Barghash ni Oman, baba yake Sayyid Said alihamishia makao yake Unguja, na hadi leo Maskati kuna mitaa utasikia Kiswahili cha Unguja kibarazani kama uko mtaa wa Malindi pale Unguja. Hesabu mwenyewe wangapi hao. Kila mmoja ana sehemu yake halali, na kila mmoja anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba paa lilikuwa la mwenzake.

Ndo tunafika 2020. Ukarabati ulikuwa unaendelea. Je, ukarabati ndo ulioangusha? Hapa nataka nitende haki. Jengo lililochoka linakuwa hatarini zaidi siku linapoguswa. Miaka yote uzito umetafuta njia zake, sehemu iliyotakiwa kubeba imechoka na sehemu isiyotakiwa kubeba inabeba, kama mgonjwa wa goti anavyoegemea mguu mmoja mpaka nyonga nayo inaugua. Ukija ukaondoa kitu kimoja, hata kile kibovu, ule uzito unatafuta njia mpya papo hapo. Ndo maana mafundi wazuri wanaanza na kuegemeza, mirunda na vyuma vya kushikilia kila ghorofa kabla ya kung'oa jiwe moja, na wanapima nyufa kila siku kama zinafunguka. Serikali iliunda kamati ya kuchunguza, na kazi ya kusema kosa la siku ile lilikuwa la nani ni yao wenye ushahidi mkononi. Ninachoweza kukisema mimi ni kwamba mgonjwa alifikishwa hospitali usiku wa manane. Ukarabati wa aina hiyo ungefanywa wakati paa linavuja tu, ungekuwa kazi ya mafundi wa paa na mifereji. Ulipofanywa baada ya 2012 na 2015 ulikuwa ni upasuaji.

Nimeona pia watu wakiandika kwamba jumba limeisha lote. Hapana, nyuma na pembeni palibaki pamesimama, na viongozi walisema toka mwanzo kwamba litarudishwa. Ila tuwe wakweli kuhusu kinachoweza kurudi. Mnara utajengwa, saa itawekwa, nguzo zinaweza kuyeyushiwa kalibu mpya, na mtalii wa kesho atapiga picha ile ile. Ukuta uliopangwa na mikono ya mafundi wa 1883, jiwe la matumbawe likiwa limekatwa kwa kulikadiria jicho, chokaa yao waliyoichoma wao, huo ukishakuwa kifusi ni kifusi. Jambo linalowezekana ni mafundi wapya wajifunze kazi ile kwa kulijenga, vijana wa Unguja washike chokaa badala ya saruji, na kwakweli hilo likifanyika nitaona jumba limerudi hata kama kila jiwe ni jipya.

Mwaka jana nilikuwa Mji Mkongwe wakati wa vuli. Nimetoka kuswali Ijumaa nakatiza kichochoro kuelekea Shangani, nikanyanyua kichwa kwasababu tone lilinidondokea shingoni na mvua ilikuwa imeshakatika muda. Jengo la serikali la zamani, bendera ipo, watu wako kazini nasikia mashine ya kuchapa karatasi inalia ndani. Mfereji wa paa umekatika pale kwenye kona, maji yanatiririka moja kwa moja kwenye ukuta, na kwenye ufa wa ghorofa ya pili kumeota mche, una majani saba au nane, mabichi kabisa yanang'aa. Nikaingia nikamwambia kijana wa mapokezi. Alikuwa na adabu sana, akatoka nje na mimi, akautazama ule mche, akasema, shikamoo mzee, kweli nimeuona, ila sisi hapa ni wapangaji tu.